Mkono wa Kwanza Ndio Unaoamua

Uliye jikoni unamenya ndizi, uliye kwenye daladala umekwama foleni ya Buguruni, uliyefunga duka na sasa unahesabu mauzo, wote nawakaribisha. Leo tunazungumzia taka. Walio mezani wakati huu mnivumilie, maana taka zenyewe huanzia hapo hapo mezani.

Nianze kwa swali. Mama lishe ana chupa tupu za maji. Amezijaza kwenye kiroba, kavu na safi. Mnunuzi akipita anaziweka kwenye mizani na kuzilipia kwa kilo. Sasa chukua chupa hizo hizo, uzitupe kwenye ndoo moja na ugali uliolala, mchuzi wa maharage na pampasi ya mtoto. Ziache siku tatu katika joto hili la Dar es Salaam. Je, mnunuzi atazitaka? Na hata akizitaka, atatoa bei gani, wakati inabidi atafute maji, sabuni na mtu wa kuzisugua? Plastiki ni ile ile, na kiwanda kinachoisubiri ni kile kile. Kilichobadilika ni pale tu alipoziweka mtu aliyezishika mwanzo.

Hilo ndilo neno la leo, na nitalirudia ili hata aliyechelewa kufungua redio alipate: thamani ya taka huamuliwa na mkono wa kwanza. Mkono wa jikoni, wa mgahawani, wa dukani. Mkono wako na wangu.

Siku hizi tunasikia sana habari za uchumi mzunguko. Wataalamu wanaposema hivyo wanataka kitu kitumike muda mrefu, kikiharibika kitengenezwe, kikishindikana, malighafi yake irudi kazini, na kilichotoka shambani kirudi shambani. Vyuo vikuu duniani vimeandika mengi juu ya jambo hili. Je, maandiko hayo yanamfaa nini mtu wa Tandale, wa Mbagala, au ndugu zetu wa Kenya kule Kayole na Kisauni? Ndiyo safari yetu ya jioni hii.

Kwanza, watafiti wa taka hufanya kazi gani hasa? Msikilizaji, usiwafikirie wamekaa kwenye kiyoyozi. Wanachagua nyumba za wenye kipato kikubwa, cha kati na kidogo. Wanagawa mifuko. Kila asubuhi, kwa muda kama wa wiki moja, wanaikusanya, wanaipima kwenye mizani, kisha wanamwaga kila kilichomo juu ya turubai. Wanavaa glavu na kuchambua: maganda huku, karatasi kule, chupa pale, makopo, nguo, mchanga. Kila fungu linapimwa na kuandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu hawa ndio wanaotuandikia daftari la mali tunayoitupa.

Na kazi hiyo hapa kwetu haikuanza juzi. Mwaka 2002 wataalamu watatu, Kaseva, Mbuligwe na Kassenga, wakiwa katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, walichapisha matokeo ya utafiti wa majaribio kuhusu kurejeleza taka za majumbani zisizooza jijini Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba habari hizi zimeletwa mwaka jana na wafadhili. Wasomi wetu wamekuwa wakizishughulikia kwa zaidi ya miaka 20.

Basi taka zikishamwagwa juu ya turubai lile, fungu gani huwa kubwa kuliko yote? Nakupa nafasi ya kukisia. Wengi watasema plastiki, kwa sababu ndiyo tunayoiona mitaroni na ufukweni. Hapana. Katika miji yetu fungu kubwa ni taka zinazooza: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, mabaki ya chakula, majani ya ua. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka duniani inaonyesha kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka zote ni za namna hiyo.

Tafakari maana yake. Ganda la tikiti maji, sehemu kubwa ni maji. Tunalipa dereva, tunalipa dizeli, tunachakaza matairi, tusafirishe maji ya tikiti kutoka Kinondoni hadi dampo la Pugu Kinyamwezi! Halafu tunashangaa kwa nini gari la taka halipiti kwa wakati.

Wazee wa Dar es Salaam mnaikumbuka historia ya madampo. Tabata ilikuwa dampo. Wakazi walichoshwa na moshi, harufu na inzi, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Taka zikahamia kwingine: Vingunguti, Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Kila dampo lilipofungwa, jingine lilifunguliwa kwa jirani mwingine. Tulihamisha mahali, tabia tukabaki nayo.

Na huko dampo kunatokea nini? Sikiliza vizuri hapa. Ganda likioza juani, likipata hewa, linageuka mboji. Lakini likifukiwa chini ya lundo refu, hewa haifiki. Vijidudu vinavyofanya kazi pasipo oksijeni huligeuza kuwa gesi ya methani. Gesi hiyo inashika moto, ndiyo maana moto wa dampo husumbua kuuzima. Tena, kwa uzito ule ule, methani hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 20. Maji nayo yanachuruzika kutoka kwenye lundo, yamebeba uchafu na sumu, yanatafuta mto na kisima.

Na lundo lenyewe linaweza kuua. Mwezi Agosti mwaka 2024, jalala la Kiteezi la jiji la Kampala liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba na watu. Waliokufa walizidi 30. Miaka saba kabla, Machi 2017, jalala la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Msikilizaji, waliofukiwa wengi walikuwa maskini wanaoishi kando ya jalala kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Tumefika katikati ya safari, basi nirudie: fungu kubwa la taka zetu ni zinazooza, na zikifika dampo ndizo zinazoleta gesi, harufu na maji machafu. Ukiliondoa fungu hilo mwanzoni, umeondoa zaidi ya nusu ya mzigo, na kilichobaki kinabaki kikavu, chenye bei.

Sasa tulipeleke wapi? Tafiti zinatupa njia mbili ambazo mtu wa kawaida anaziweza.

Njia ya kwanza ni mboji. Mwenye kiwanja, hata kidogo, anaweza. Maganda mabichi yachanganywe na vikavu kama majani makavu, pumba au maranda ya seremala. Ukiweka mabichi matupu, lundo litanuka. Ukiweka makavu matupu, halitaoza. Liwe na unyevu wa wastani: ukikamata konzi na kuliminya, mkono ulowe kidogo, maji yasitiririke. Geuza kwa koleo kila baada ya siku kadhaa ili hewa iingie. Lundo likienda vizuri, ndani hupata joto la nyuzi 55 na kuendelea, na joto hilo likidumu huua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Huo si uchawi, ni vijidudu vinafanya kazi.

Njia ya pili itawashangaza baadhi yenu: nzi. Subiri, usizime redio! Kuna nzi aitwaye nzi askari mweusi. Akikomaa haumi mtu, wala si yule anayetusumbua kwenye sahani. Funza wake wanakula mabaki ya chakula kwa ulafi mkubwa, na katika muda wa kama wiki mbili wamenenepa, wamejaa protini na mafuta. Wakikaushwa ni chakula cha kuku na samaki, na mabaki yao ni mbolea. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoko Kasarani, Nairobi, kimefanya tafiti nyingi juu ya funza hawa. Mfugaji ananielewa haraka: chakula cha kuku ni ghali, na dagaa tunaowasaga kuwalisha kuku ndio hao hao ambao familia ingewala.

Lakini angalia sharti la njia zote mbili. Funza hali pampasi. Mboji yenye vipande vya chupa na betri hakuna mkulima atakayeitaka shambani kwake. Ndiyo sababu kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kililenga taka za masokoni. Sokoni ndizi na mchicha huoza pamoja bila kuchanganywa na vya chumbani na chooni. Tumerudi pale pale: mkono wa kwanza.

Tuje kwenye taka kavu. Hapa lazima tuwataje watu ambao mara nyingi tunawapita bila salamu: vijana na akina mama wanaookota chupa, makopo na chuma chakavu, wenye maguta na mikokoteni. Wenzetu wa vyuo vikuu wakichora mnyororo wa urejelezaji katika miji ya Afrika, wanaanza na hao. Mwokotaji anamuuzia mnunuzi mdogo wa mtaani, mnunuzi mdogo anamuuzia mwenye yadi, mwenye yadi anapeleka kiwandani. Hakuna aliyewaajiri, hakuna anayewapa buti wala glavu, na halmashauri inaokoa fedha kwa kila kilo wanayoizuia isifike dampo.

Ujuzi wao si wa kubeza. Mwokotaji anajua chupa nyeupe ina bei kuliko ya rangi, maana plastiki isiyo na rangi inaweza kugeuzwa kitu cha rangi yoyote. Anajua kifuniko na chupa ni plastiki mbili tofauti. Unabisha? Jaribu nyumbani na watoto. Kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, vitie kwenye ndoo ya maji. Kipande cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Viwanda vinatumia njia hiyo hiyo kuvitenganisha. Hiyo ni fizikia ya bure ya jioni.

Makopo ya alumini nayo yanalipa. Kuyayeyusha upya hutumia karibu asilimia 5 tu ya nishati ambayo ingehitajika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe ya madini. Ndiyo maana hutaona kopo la alumini likilala barabarani siku mbili.

Lakini sitaki mfikiri kwamba kurejeleza ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2017 watafiti watatu wanaofanya kazi Marekani, Geyer, Jambeck na Law, walipiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani. Kati ya plastiki iliyokwisha kuwa taka hadi mwaka 2015, iliyorejelezwa ilikuwa kama asilimia 9 tu. Nyingi ilikuwa dampo, au imezagaa ardhini na majini. Vipakiti vya krispi na vya sabuni ya unga, vyenye tabaka mbili tatu zilizogandamana, hata mwokotaji hodari anavipita. Hapo kosa si la mama wa nyumbani. Aliyekitengeneza kipakiti hicho ndiye mkono wa kwanza kabisa, na ndiye wa kuulizwa.

Kwa hiyo kabla ya kurejeleza kuna kutengeneza na kutumia tena. Mwaka 1976 mtaalamu wa Uswisi, Walter Stahel, pamoja na mwenzake Geneviève Reday, waliiandikia Tume ya Ulaya ripoti yenye hoja moja nzito: ukirefusha maisha ya bidhaa, unatumia nishati kidogo na kuajiri watu wengi zaidi. Gari likikarabatiwa, kazi anaipata fundi wa karibu. Likitupwa na kununuliwa jipya, fedha inakwenda kwenye kiwanda cha mbali. Nenda Gerezani hapa Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, uone hoja ya Stahel ikigongwa nyundo. Pipa linakuwa jiko, tairi linakuwa kandambili, feni iliyoungua inasukwa upya.

Na soda ya chupa ya kioo, tuliokua na kreti uani tunaikumbuka? Duka halikukupa soda uondoke nayo bila chupa tupu au bila kuacha hela ya chupa. Watoto wa mtaa mzima walizikusanya, hakuna aliyezitupa mtaroni. Kwa nini? Kwa sababu chupa tupu ilikuwa na fedha ndani yake. Nchi nyingi za Ulaya zimeweka utaratibu wa namna hiyo hata kwa chupa za plastiki, na chupa zinarudi.

Nitoe onyo moja hapa. Si kila kinachorejelezwa kinarejelezwa kwa usalama. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendeshwa katikati ya makazi ya watu, na sumu ya madini ya risasi ikawaingia watoto na watu wazima. Mwanaharakati Phyllis Omido aliongoza mapambano hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Basi betri usizipasue, usizichome, usiwape watoto wazichezee. Nyaya za umeme usizichome uani ili upate shaba. Moshi wake ni sumu.

Najua sasa kuna msikilizaji ananijibu huko aliko: "Wewe mtangazaji unasema tu. Mimi nikitenganisha, gari linakuja linachanganya yote!" Ndugu yangu, una haki. Tena watafiti wanakuunga mkono: watu hutenganisha pale wanapoona mkusanyaji naye ametenganisha, na wakiona vinachanganywa, huacha. Mkono wa kwanza unaamua, lakini mkono wa pili unaweza kubomoa.

Kwa hiyo na mkono wa pili uwajibike. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2022 inayodai jambo hilo hilo. Sheria zipo. Kinachotakiwa ni gari, ratiba na msimamo. Hapa hapa jijini, katika kata ya Bonyokwa, taasisi ya Nipe Fagio imefanya kazi na ushirika wa wakusanya taka wanaopita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizotenganishwa. Kumbe inawezekana.

Na mkisema watu wetu hawabadiliki, kumbukeni mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, sisi Tanzania bara Juni 2019. Tuliuliza: nyama tutaibebea nini? Leo tunaibeba, na buchani maisha yanaendelea.

Muda wetu unakwisha, basi nifupishe ili kila mmoja alale na jambo la kufanya.

Moja: wiki hii weka vyombo viwili jikoni. Kimoja cha vinavyooza, kingine cha vikavu. Ndoo ya rangi kuukuu na kiroba vinatosha, hakuna cha kununua.

Mbili: chupa na makopo yasuuze kidogo, kisha mpe au muuzie mwokotaji anayepita mtaani kwako. Mjue jina lake. Huyo ni fundi wa mazingira.

Tatu: kabla ya kutupa, uliza fundi.

Nne, na hili ni la pamoja: mkutano wa serikali ya mtaa ukiitishwa, nenda. Mwulize mwenyekiti na mtendaji swali moja tu: "Gari letu la taka litaanza lini kuchukua vinavyooza na vikavu mbali mbali?" Akijibu "tutaangalia", mwulize tarehe. Mkutano ujao ukifika, mwulize tena. Mimi ada ya taka nalipa, na wewe unalipa; tuna haki ya kujibiwa.

Tukutane wiki ijayo saa kama hii, na kila mmoja awe na habari ya vyombo vyake viwili.